Mita Mia Mbili za Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kusafirisha na Kupanga Vifaa vya Ujenzi Mwanza

Ukijenga Mwanza, gari la vifaa halifiki kwako. Linafika karibu na kwako. Linaacha lami, linavuka kalvati, linazunguka jiwe kubwa kama nyumba, halafu dereva anazima injini, anatoa kichwa dirishani na kukwambia, "Bosi, mwisho wa reli." Kuanzia hapo ni vichwa na mabega ya watu.

Wanaojenga Buswelu au Buhongwa kwenye viwanja vilivyopimwa wana nafuu. Lakini Isamilo juu, Mabatini, Igogo au mgongo wowote wa kilima cha mawe, mita 200 za mwisho zinaweza kukugharimu kuliko kilomita 20 zilizotangulia. Nimekaa stoo za saiti miaka ya kutosha kuona watu wanapatana bei ya tofali hadi shilingi ya mwisho, halafu wanakuja kushangaa gharama ya kulipandisha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho: pale kibarua anapotua mzigo. Kutoka hapo tutarudi nyuma hadi dukani.

Hatua ya 1: Tembea njia kwa miguu kabla hujanunua hata msumari

Chukua tepu, daftari na mtu mmoja wa kukushikia. Anzia kwenye lami, ishia kiwanjani. Andika upana wa sehemu nyembamba kuliko zote, kona zilizobana, kalvati lenye ufa, mteremko unaoteleza ukilowa, na mahali ambapo gari litageuzia. Bodi ya Fuso peke yake ina zaidi ya mita 2 kwa upana, na dereva anahitaji nafasi ya vioo na ya woga wake. Njia ikiwa chini ya mita 3, panga vyombo vidogo vya mizigo: toyo, guta au kirikuu.

Angalia juu pia. Tipa likiinua bodi kumwaga mchanga linakuwa refu kuliko lilivyokuwa barabarani, na waya za umeme za mitaani zinaning'inia chini kuliko unavyodhani. Pasipo usalama wa kuinua bodi, mchanga utashushwa kwa machepe, na hiyo ni gharama nyingine.

Sasa pima muda. Mpe kijana tofali moja, apande nalo hadi kiwanjani, atue, ashuke. Tazama saa. Tuseme kwenda na kurudi ni dakika 10. Kwa saa 6 za kubeba kweli kweli, mtu mmoja anapandisha matofali 36. Kama unahitaji matofali 2,000, hizo ni siku 55 na kitu za mtu mmoja, au siku 6 za watu 10. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu lina uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo matofali hayo 2,000 ni tani 56. Ukiwa na namba hiyo mkononi, unaongea na kiongozi wa vibarua kama mtu anayejua anachonunua.

Wengine hukimbilia kufyatua tofali hukohuko juu. Uzito haupungui, maana mchanga, saruji na maji yote yanapanda. Unachookoa ni matofali yanayovunjika njiani, na unaweza kubebesha kwa ndoo watu wasio na nguvu ya kubeba tofali. Kwa msingi, kilima chenyewe kinakupa zawadi: mawe. Jiwe lililopasuliwa mita 10 kutoka kwenye mtaro wako halina nauli.

Mwisho wa matembezi hayo, mtafute mwenye eneo la wazi pale gari linapoishia. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mzee. Naomba unipangishe hapa mbele siku tatu, nimwage mchanga na kokoto."

"Marahaba. Usizibe njia ya pikipiki tu. Na ukimaliza, ufagie."

Mwambie na mwenyekiti wa mtaa. Gari likiziba njia saa 2 asubuhi, yeye ndiye atakayepigiwa simu kabla yako.

Hatua ya 2: Geuza ramani kuwa mzigo

Fundi atakwambia "tipa tano za mchanga". Tipa si kipimo. Omba mita za ujazo.

Chukua slabu ya ghorofa ya kwanza yenye mita za mraba 120 na unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 18 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4), kila mita moja ya ujazo inakula mifuko kama 6.3 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita 0.44 na kokoto mita 0.88. Zidisha kwa 18: mifuko 113, mchanga mita 8, kokoto mita 16. Ongeza kidogo kwa kinachomwagika na kuchanika, agiza mifuko 120. Kama mhandisi wako ametaja daraja jingine la zege, fuata lake. Hesabu inabaki ya namna hiyohiyo.

Maji watu huyasahau kwa sababu ziwa wanaliona pale chini. Kuchanganya zege hilo kunahitaji lita kama 3,200. Kuosha mashine na vyombo ni mengine. Na kesho yake ukiizungushia slabu kingo za udongo na kuijaza maji ya kina cha sentimita 3 ili ikomae vizuri, hizo ni lita 3,600, na utaongeza kila yanapokauka, kwa siku zisizopungua 7. Ziwa halipandi kilima. Linapandishwa kwa bomba, kwa boza au kwa ndoo.

Nondo hesabu kwa kilo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7, ya milimita 16 ina kilo 19. Pima nondo moja dukani: ikiwa nyepesi sana kuliko hapo, unauziwa nondo nyembamba kwa jina la nene. Mpe fundi kazi ya kuandika orodha ya vipande kabla ya kununua. Nondo ya mita 12 haikati kona ya Mabatini, kwa hiyo ama ikunjwe katikati ama ikatwe. Ikikatwa kwa kufuata orodha unapandisha vipande vinavyotakiwa. Ikikatwa kwa kufuata urefu wa gari, unapandisha na vyuma chakavu.

Hatua ya 3: Pangilia kalenda na mvua, halafu na barabara kuu

Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kama mfuko unaruhusu, vitu vizito vipandishe Juni hadi Septemba, njia ikiwa kavu. Mchanga na kokoto unaweza kuviweka mapema, havili chakula. Saruji ndiyo usiilimbikize.

Saruji nyingi tunayotumia imesafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na malori yanapita mizani, ambako uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari na mzigo wake ni tani 56. Lori likikwama kokote huko, maduka ya Mwanza yanakauka na bei inapanda ndani ya siku chache. Kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, bado tunakisubiri. Kwa sasa, ninachofanya mimi ni hiki: wiki 2 kabla ya zege kubwa nalipia saruji na kuandikiana, mzigo unabaki kwenye stoo ya muuzaji, unapanda siku 2 kabla. Anayeikinga na unyevu ni yeye.

Kwa wanaojenga Sengerema au Geita hesabu imebadilika tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani ulikuwa unaweka nusu siku ya foleni ya kivuko kwenye kila tripu. Bado nawasikia wasafirishaji wakitaja bei yenye harufu ya foleni ile. Waulize kwa upole wanapanga foleni wapi.

Hatua ya 4: Patana na msafirishaji, kisha pima gari lake

Hapa ndipo pesa nyingi inapotelea, tena mchana kweupe.

Gari la kwanza la mchanga likifika, panda na tepu. Pima bodi kwa ndani: urefu mita 3.6, upana mita 2.1, kina mita 0.6, ni mita za ujazo 4.5. Mchanga ukiwa umeshuka chini ya ukingo, punguza. Andika namba ya gari na ujazo wake kwenye daftari, mbele ya dereva. Tripu zinazofuata utaona zinakuja zimejaa vizuri.

Kuna ujanja mwingine ambao hata msafirishaji mwenyewe huenda hana habari nao. Mchanga wenye unyevunyevu unavimba, na mara nyingi unaongezeka ujazo kwa asilimia 20 hadi 30. Jaza mchanga huo kwenye kopo lenye pande zilizonyooka hadi kimo cha sentimita 20. Umwage pembeni, tia maji koponi hadi nusu, rudisha mchanga wote, koroga, uache utulie. Ukishuka hadi sentimita 16, ujue umevimba kwa robo: katika kila tripu 5 umelipia tripu moja ya hewa. Usigombane. Ongeza tu hesabu ya mchanga, na mwambie fundi, kwa sababu zege lake nalo litakuwa na upungufu huohuo.

Mchanga wa kuchota ufukweni mwa ziwa kataa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kama kiwanja chako kimepakana na maji, kanuni hiyo inakuhusu hata kwenye kupanga eneo la vifaa.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: nini, kiasi gani, kinashushwa wapi, nani anashusha, siku na saa gani, na gari likiharibika nani analeta jingine. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kuhesabu. Na ukipiga simu ukaambiwa "gari lipo njiani", omba uongee na dereva. "Njiani" ya Mwanza ina maana nyingi, mojawapo ni kwamba gari bado linaoshwa.

Hatua ya 5: Gawa uwanja kabla ya tripu ya kwanza

Chora kiwanja kwenye karatasi. Mashine ya zege ikae pale ambapo kokoto, mchanga na maji vinaifikia bila kupishana na toroli zinazotoka na zege. Kokoto karibu zaidi, kwa kuwa ndizo nyingi. Nondo zikae juu ya vipande vya mbao, sehemu ndefu iliyonyooka. Mchanga usiwe kwenye mkondo wa maji: mvua moja ya kilimani inakuhamishia mita zako 4 hadi kwa jirani wa chini, na hakuna sheria ya kuukomboa. Panga mstari wa mawe kuuzunguka, ufunike na turubai.

Usirundike chochote kwenye ukingo wa mtaro wa msingi. Acha angalau mita moja.

Hatua ya 6: Stoo na daftari lake

Saruji ipande juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali kidogo na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu. Mifuko 120 inakaa kwenye eneo la mita za mraba kama 3, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosha na njia ya kupita. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Ikifikisha miezi 3 imeshapungua nguvu. Yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usiipeleke kwenye zege.

Kupokea mzigo kuna adabu yake. Hesabu mifuko inaposhuka, si ikiwa juu ya gari. Mimi hukaa na kopo tupu. Kila mfuko wa kumi ukipita mlangoni natupa kokoto moja ndani. Mtu akinisalimia "Mwangaluka!" katikati ya hesabu, namjibu, na kokoto zangu hazisahau. Mwishoni kuna kokoto 12, au hakuna mjadala, mzigo haujatimia. Bonyeza pembe za mifuko ya chini ya gari, huko ndiko ugumu unakojificha.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani amechukua kwa kazi gani, kilichobaki. Saini ya kupokea iwe ya mtu mmoja. Kila Jumamosi kabla ya kulipa watu, hesabu mifuko kwa macho ulinganishe na daftari. Mafuta ya mashine yapimwe kwa lita, yasikabidhiwe kwa dumu.

Hatua ya 7: Siku ya zege

Siku zote nyingine ukikosea unapoteza pesa. Siku hii ukikosea unaacha alama kwenye jengo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kila kitu kwa ajili ya slabu isipokuwa maji. Yaani yalikuwepo, tanki lilikuwa na lita 1,000, na boza nilishalilipia, linakuja saa 3. Saa 4 tulikuwa tumechanganya mifuko 36 na tanki limebaki tope. Boza lilifika saa 9 alasiri. Zege la asubuhi lilikuwa limeshakaza, tukaendelea pembeni yake kama hakuna kilichotokea. Ukiingia sebule ile leo, kwenye dari kuna mstari mmoja kutoka dirishani hadi kwenye taa, na mvua ikinyesha kabla hawajaezeka, maji yalikuwa yanapita palepale. Tangu hapo, maji yote yawe kwenye matanki jioni ya kuamkia siku ya zege, la sivyo hatuanzi.

Hesabu muda. Tengeneza boksi la mbao la kupimia lenye ndani sentimita 40 kwa 35, kina 25. Linabeba lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kila mchanganyiko: mfuko 1, maboksi 2 ya mchanga, 4 ya kokoto. Mifuko 113 ni michanganyiko 113. Kila mmoja ukichukua dakika 4, mashine moja itafanya kazi saa 7 na nusu bila kupumzika: ukianza saa 1 asubuhi, unamaliza saa 8 na nusu mchana. Mashine mbili zinakutoa kabla ya saa 5. Msimu wa vuli, mawingu yanapojikusanya mchana, tofauti hiyo ndiyo slabu yako. Kodi mbili. Hata kama ya pili itakaa tu, ikae.

Jioni ya kuamkia siku hiyo pita na orodha:

- mirunda (nguzo za kushikilia slabu) na mbao za kumwagia zege vimekaguliwa na mhandisi ameridhia nondo;
- matanki yamejaa;
- mashine zote mbili zimewashwa na kuzimwa, pamoja na vaibreta, ile mashine ya kushindilia zege;
- mafuta yapo, na plagi ya akiba ipo;
- njia ya toroli imewekewa mbao, haipiti juu ya nondo;
- turubai la kufunika slabu nzima lipo karibu, limekunjuliwa kuona kama lina matundu.

Mama lishe ajue idadi ya watu tangu jana. Chai saa 1 kasoro, kabla ya kuanza. Chakula cha mchana kwa zamu, nusu ya watu kwa wakati mmoja, mashine zisinyamaze. Zege likishatiwa maji, liwe limewekwa na kushindiliwa ndani ya saa moja hivi. Likianza kuwa gumu kwenye toroli, usimruhusu mtu "kulilainisha" kwa ndoo ya maji. Atakwambia ni kidogo tu.

Weka mtu mmoja asiyebeba kitu. Kazi yake ni kuhesabu michanganyiko, kuangalia kokoto zinavyopungua na kupiga simu. Wenye jengo hudhani anakula mshahara wa bure.

Hatua ya 8: Mzigo ukivuka maji

Ukijenga Ukerewe, mzigo unaenda Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au unazunguka kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Visiwa vidogo ni mitumbwi na boti za mizigo.

Hesabu ya kupakia na kushusha inaongezeka mara mbili au tatu: stoo hadi gatini, gatini hadi chomboni, chomboni hadi nchi kavu, halafu hadi saiti. Kila kituo kiwe na mtu wako anayehesabu. Saruji ivikwe nailoni nzito, iwekwe juu ya mbao ndani ya boti, kwa sababu maji yanayoiharibu mara nyingi ni yale yaliyojikusanya chini ya boti. Agiza akiba kubwa kuliko ya mjini: misumari ikikuishia Ukara, hakuna duka la kukimbilia.

Safirisha asubuhi ziwa likiwa limetulia, na miezi ya upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, weka siku za ziada. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Huku hakuna asiyekumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 ikiwa imejaza kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakafa. Usimbembeleze mtu aongeze mifuko 20 kwa sababu "ni karibu tu". Nondo na watu wasipande chombo kimoja.

Hatua ya 9: Kurudisha

Mirunda, mbao na vyuma vya kukodi vinaendelea kulipiwa hata vikiwa vimelala. Siku ya kupokea vihesabu na uvipake alama ya rangi. Siku ya kurudisha hesabu tena ukiwa na mwenye navyo. Usivitoe chini ya slabu kabla mhandisi hajasema, hata mwenye mirunda akipiga simu mara tatu kwa siku.

Mawe na kokoto zilizobaki uza hapohapo, jirani anayeanza msingi atazichukua bila nauli. Misumari iliyonyofolewa iokotwe, maana njia ile ya pikipiki bado watu wanaipita. Halafu shuka na fagio hadi pale kwa mzee, pale gari lilipoishia.